Alivyonisomea Mwanangu

Neutgol, 9 Machi 2017

Binti yangu Myeong-ok,

Usishtuke ukiona mwandiko huu. Ni mimi, mama yako. Sijawahi kumwandikia mtu barua tangu nizaliwe, na mwaka huu nimetimiza miaka themanini na miwili. Mwalimu wa darasa letu la kusoma na kuandika la ukumbi wa wazee hutusahihisha kwa kalamu nyekundu kila tunachoandika, lakini hii sitampa. Isome hivyo hivyo na makosa yake.

Simu imenishinda. Masikio yamekwisha. Mwezi uliopita ulipopiga nilijibu "ndiyo, ndiyo" mpaka mwisho, na sikusikia hata neno moja. Kama uliniuliza jambo la maana, nisamehe.

Mimi mzima. Kaka yako Gi-cheol mzima, na mkewe Seon-ae mzima. Nimehamia kile chumba kidogo cha ghala la matufaha kwa sababu nyumba kubwa ina kizingiti kirefu na magoti yangu unayajua. Nina blanketi la umeme. Usiwe na wasiwasi.

Nina swali. Kwenye tamthilia ninayotazama kwenye televisheni, kuna mama alimwandikisha mwanawe wa kwanza nyumba na shamba lote, na sasa anajuta. Je, sheria inamruhusu avidai virudi kwake? Nauliza tu, tumebishana darasani. Wewe unakaa mjini, unajua watu wa kuuliza.

Ukijibu tuma kwa anwani ya ukumbi wa wazee, si ya nyumbani. Mtu wa posta hupita hapo kila siku kunywa kahawa.

Mama yako,
Eom Bun-nam


Ulsan, 17 Machi 2017

Mama,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni kazini, nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Kweli.

Sasa niambie. Hiyo tamthilia inaonyeshwa saa ngapi? Maana televisheni iko nyumba kubwa, na wewe uko ghalani. Au wamekununulia nyingine? Mama, mimi ni mwanao. Nimezaliwa humo humo nyumba kubwa, na kizingiti chake ni kifupi kuliko cha ghala.

Nimekwenda ofisi ya msaada wa sheria bila kungoja jibu lako. Mwanasheria ni kijana, bwana Pyo, anasema polepole kama mtu anayevuka barafu. Anasema hivi: mtu akishatoa mali na jina likabadilishwa kwenye hati, kujuta peke yake hakumrudishii kitu. Lakini kama alitoa kwa masharti, kwamba nitakupa hiki nawe utanitunza, na yule aliyepewa hakutimiza, hapo panaweza kufunguliwa kesi. Akaniuliza, "Hayo masharti yaliandikwa?"

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwepo siku ile ya Sikukuu ya Mavuno, miaka minne iliyopita, Kaka alipokusomea karatasi mbele yetu sote nawe ukagonga mhuri. Karatasi ile unayo? Kama unayo, usimwonyeshe mtu. Nitumie.

Na unakula nini? Usiniandikie "nakula vizuri." Niandikie chakula chenyewe.

Myeong-ok


Neutgol, 2 Aprili 2017

Myeong-ok,

Ulikuwa mtundu tangu utotoni, na sasa una miaka hamsini na moja na hujaacha.

Haya. Chakula: asubuhi wali na kabichi ya kimchi. Jioni wali na supu ya soya, ikiwa imebaki. Mchana nakula ukumbini na wenzangu. Seon-ae huacha bakuli mlangoni kisha hugonga ukuta, maana anajua sisikii lakini nahisi ukuta ukitikisika. Simlaumu sana. Hanitazami usoni, na mtu asiyekutazama usoni ana aibu bado.

Jikoni wameweka kufuli. Wanasema niliwahi kuacha gesi inawaka. Labda ni kweli, siwezi kuapa.

Mwezi wa pili ilikuwa siku ya tambiko la baba yenu. Niliona moshi wa ubani ukitoka dirishani, nikavaa nguo yangu nyeupe, nikakaa kitandani ningoje kuitwa. Nilikaa mpaka moshi ukaisha. Sikuitwa.

Sasa Gi-cheol anataka kukata mitufaha yote ya shamba la juu, ile aliyopanda baba yenu, akodishe ardhi kwa kampuni ya umeme wa jua. Wapimaji wameshakuja mara mbili.

Unakumbuka alivyosoma siku ile? Kwamba atakaa nami nyumba moja, kwamba nitapata milo mitatu, kwamba tambiko la baba litafanyika kila mwaka nikiwa nimekaa mahali pangu, na kwamba hatakata mti hata mmoja nikiwa hai. Alisoma vizuri. Sauti yake ilikuwa kama ya baba yake. Wakati ule masikio yangu yalikuwa bado yanafanya kazi.

Karatasi ipo. Nimeishonea ndani ya mto. Lakini posta hupoteza vitu. Siwezi kuituma. Usiniulize tena.

Mama yako


Ulsan, 10 Aprili 2017

Mama,

Posta haikupoteza barua zako mbili, itapotezaje ya tatu? Basi usitume. Nitaifuata mwenyewe. Bwana Pyo anahitaji vitu vitatu: karatasi ile, kitambulisho chako, na mhuri wako ugonge kwenye hati ya kumpa yeye kazi. Kama huwezi kuja Ulsan, vitie kwenye mfuko na unisubiri ukumbini.

Unasema Kaka ndiye anayeshika kitambulisho chako. Hukusema? Basi nimeota, lakini nadhani ndivyo ilivyo.

Nakuja Jumapili ya tarehe 23. Nimebadilishana zamu. Huwezi kujua ninavyojisikia kila asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, ninapowachana nywele mama wa watu, niwalishe uji kwa kijiko, wakati wangu anasubiri ukuta utikisike.

Myeong-ok


Neutgol, 25 Aprili 2017

Dada Myeong-ok,

Umekuja, umepiga kelele getini kwangu mbele ya majirani, umeondoka. Umefurahi? Sasa nisikilize kwa maandishi, maana kwa mdomo hukunipa nafasi.

Uliniambia, "Kaka, nipishe, nimekuja kumwona mama." Nikakwambia, "Karibu, lakini huyo bwana wako wa sheria abaki garini." Ukasema, "Nimekuja peke yangu, angalia!" Kweli ulikuwa peke yako, lakini ulikuwa na mfuko wa mafaili kwapani kama mtoza ushuru. Unadhani mimi mjinga? Nimekaanga kuku miaka kumi na moja Daegu mpaka duka likafa mikononi mwangu, nimeshaona kila aina ya watu wakija na mafaili.

Na mama mwenyewe alikwambia nini? Alitoka mlangoni pa ghala, akakupungia mkono, akasema, "Rudi kwako. Sina la kukwambia. Nenda." Sikumtia maneno mdomoni. Ulisikia, na jirani wa pili alisikia.

Ulipokuwa unasoma chuo, nani alibaki kupulizia dawa matufaha? Baba alipofariki, nani alitia saini kwa hiari yake kwamba hataki fungu lake? Wewe. Ulisema, "Mimi nimeolewa, Kaka, mambo ya nyumbani ni yako." Sasa umeyakumbuka mambo ya nyumbani baada ya kusikia kampuni ya sola inalipa kodi?

Mama amezeeka. Anasahau gesi. Unafikiri kumtunza ni sawa na kutunza wazee wa watu, unavua glavu saa kumi na moja unakwenda zako? Hapa hakuna zamu.

Usije tena bila kuniambia.

Kaka yako,
Gi-cheol


Ulsan, 3 Mei 2017

Mama,

Nimekaa siku kumi bila kuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya.

Nimeendesha gari kwa muda wa saa tatu. Ulinitazama. Najua uliniona, maana ulinyoosha nguo yako kama unavyofanya ukiona mgeni. Halafu ukanifukuza kama muuza mboga. Na Kaka amesimama pale, mikono mfukoni, anatabasamu.

Kama hutaki, niambie hutaki. Nitamwambia bwana Pyo afunge faili. Lakini usinifanye niwe adui getini na binti kwenye barua.

Kama bado unaitaka kesi hii, sina kitu kingine isipokuwa ile karatasi. Bwana Pyo ameniuliza mara tatu sasa. Anaanza kunitazama kama mtu anayesema uongo.

Myeong-ok


Neutgol, 14 Mei 2017

Myeong-ok,

Asubuhi ile ya Jumapili Gi-cheol alikuja chumbani kwangu na ubao mdogo wa kuandikia, ule anaotumia kuzungumza nami. Alikuwa ameshasikia kwamba unakuja, kijiji hakina siri. Aliandika: "Myeong-ok akiingia humu ndani leo, kesho gari la nyumba ya kutunzia wazee linakuja. Nimeshajaza fomu." Akaniachia niusome. Anajua nimejifunza kusoma, ndiyo maana anaandika sasa.

Nilikufukuza ili nibaki. Nikitoka hapa hata kwa siku moja, watabadilisha kufuli na watasema nimehama kwa hiari yangu. Ndiyo maana sikuja Ulsan, na ndiyo maana nikienda ukumbini narudi kabla chai haijapoa. Na ni kweli, kitambulisho changu na mhuri wangu vyote anavyo yeye, tangu siku ile ya sikukuu. Hukuota.

Sasa kuhusu karatasi. Nimekuficha, na nimechoka kukuficha.

Nilipoanza darasa, miaka miwili iliyopita, sikuwaza kusoma magazeti wala mabango. Nilikuwa na karatasi moja tu niliyotaka kuisoma. Nilitaka niisome mwenyewe siku nitakayojisikia mpweke, nisikie tena sauti ya mwanangu akiniahidi. Majira ya baridi yaliyopita nilipasua mto nikaitoa. Neno la kwanza nililolitambua lilikuwa jina langu. Nilifurahi nikacheka peke yangu. Halafu neno moja likanichukua siku mbili. Nikamuuliza mwalimu maana yake, nikamdanganya kwamba nimeliona gazetini.

Nakunakilia hapa kama ilivyo:

"Mimi Eom Bun-nam nampa mwanangu Ok Gi-cheol nyumba na mashamba yote yaliyo kwa jina langu. Natoa kwa hiari yangu bila sharti lolote. Sitadai kurudishiwa."

Basi. Mistari mitatu, tarehe, na mhuri wangu mwekundu. Hakuna milo. Hakuna baba yenu. Hakuna miti.

Nimesoma mara nyingi nikidhani labda sijui kusoma vizuri bado. Nikarudi darasani, nikajitahidi kuliko wote, nikitumaini kwamba nikijua zaidi maneno yatabadilika. Mwalimu alinipa zawadi ya mwanafunzi bora. Sikumwambia kwa nini.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka uendelee kuwa na kaka. Mali ni kitu kimoja. Lakini mtu aliyekaa mbele ya mama yake, akamtazama machoni, akamsomea kitu ambacho hakikuandikwa, huyo nimwite nani? Nilimnyonyesha miaka mitatu.

Mwambie bwana Pyo afunge faili.

Mama yako


Ulsan, 21 Mei 2017

Mama,

Bwana Pyo hajafunga faili. Nimemwambia jambo ambalo sasa lazima nikwambie wewe.

Siku ile ya sikukuu nilikuwa nimebeba trei ya chapati za samaki. Kaka alikuwa amekaa mbele yako, anasoma. Nilipita nyuma yake kwenda kuweka trei mezani. Nikachungulia juu ya bega lake. Niliona karatasi. Niliona ina mistari mitatu, na yeye alikuwa ameshasoma kwa muda wa kumaliza kula bakuli la wali, na bado anaendelea.

Nilijiambia pengine kuna ukurasa wa pili. Nimejiambia hivyo miaka minne. Ulipoandika kwamba karatasi ipo, niliomba kwa moyo wangu wote iwe na ukurasa wa pili. Lakini nilijua, Mama. Trei ilikuwa bado mikononi mwangu na nilijua.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza? Si kwa kumheshimu kaka mkubwa, wala si kwa ajili ya sikukuu. Hayo ndiyo niliyomwambia bwana Pyo kwanza. Ukweli ni kwamba nilitaka Kaka ahamie kwako. Tangu Baba afariki, kila simu ikilia nilidhani ni zamu yangu kuitwa. Kaka alipopata nyumba, mimi nilipata amani. Nikaweka trei mezani, nikasema, "Jamani, chapati zinapoa."

Bwana Pyo anasema ushahidi huu unaweza kubeba kesi. Si ile kesi ya masharti tena, ni ya udanganyifu: mtu asiyejua kusoma alisomewa kitu kingine. Anahitaji mtu aliyekuwepo, akasikia kilichosomwa na akaona kilichoandikwa. Seon-ae hatasema. Nimebaki mimi. Nitasimama mbele ya hakimu niseme niliona na nilinyamaza. Niko tayari. Lakini bila wewe kugonga mhuri siwezi kufungua kinywa.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi.

Myeong-ok


Neutgol, 4 Juni 2017

Myeong-ok,

Chapati zile nilizikaanga mimi. Nilikuwekea wewe trei ile mikononi.

Nilikuwa na watoto wawili chumbani siku ile, mmoja mbele yangu na mmoja nyuma ya mwenzake, wote wawili wanajua kusoma. Nami nikatoa mhuri nikaupulizia pumzi uwe na unyevu.

Usiniandikie kwa sasa.

Eom Bun-nam


Ulsan, 2 Julai 2017

Mama,

Ulisema nisiandike. Nilikutii wiki mbili, nikaandika, barua ikarudi. Imeandikwa "mpokeaji hayupo." Nikapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji. Akasema, "Aa, kaka yako ametuambia bibi amekwenda kupumzika mahali." Nikamuuliza mahali gani. Akasema, "Hayo ni mambo ya familia, mwanangu."

Kaka hapokei simu. Wilaya nzima ina nyumba kumi na moja za kutunzia wazee. Zote zimekataa kunijibu kwenye simu kwa sababu jina langu halimo kwenye fomu. Sisi pia kazini kwetu tungekataa. Ndiyo sheria, nimeshawahi kuwajibu hivyo mabinti wa watu.

Kwa hiyo nimeandika barua hii mara kumi na moja kwa mkono, na kila moja inakwenda nyumba moja. Juu ya bahasha nimeandika jina lako kwa herufi kubwa. Na mtu yeyote atakayeifungua, kama mama yangu yumo humo, tafadhali, mpe. Hasikii, lakini anasoma.

Mama, kama bado umenikasirikia, nikasirikie. Niandikie tu neno moja nijue uko wapi.

Myeong-ok


15 Julai 2017

Myeong-ok,

Wewe ni mkaidi. Barua yako imefika. Aliyeniletea ni mwanamke anayetuogesha. Alisoma bahasha, akainama akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: "Binti yako?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikamwambia, "Anafanya kazi kama yako." Akanipa kalamu.

Niko mjini hapa wilayani, nyumba iliyo nyuma ya soko la ng'ombe. Ghorofa ya tatu. Jina liko kwenye mhuri wa bahasha hii.

Walinichukua tarehe 10 Juni. Nilikuwa naanika matandiko. Gi-cheol aliandika kwenye ubao, "Tunakwenda hospitali kupima masikio." Nikapanda gari kwa miguu yangu mwenyewe. Nikaamini tena. Umri wangu wote huu, nikaamini tena, kwa sababu alinifunga mkanda wa kiti taratibu asije akaniumiza bega. Tulipopita chini ya shamba la juu nilihisi mtetemo kwenye kiti. Nilidhani ni injini. Nilipogeuka nikaona misumeno. Tayari walikuwa wamefika nusu ya kilima.

Hapa tuko sita chumba kimoja. Mlango wa lifti unafunguka kwa namba, na namba hatuambiwi. Dirisha linafunguka kiasi cha kupitisha mkono. Chakula kipo, kingi kuliko cha ghalani. Hakuna anayenitendea ubaya. Ndilo linalonitisha. Bibi wa kitanda cha jirani ana miaka sita hapa na ameacha kuuliza leo ni siku gani.

Sasa soma hapa kwa makini. Ili nipokelewe, Gi-cheol alilazimika kuacha kitambulisho changu ofisini. Nimekiona kwa macho yangu kwenye faili la bluu. Hakiko kwake tena. Nimemuuliza msimamizi kwa maandishi: "Hiki ni cha nani?" Akaandika: "Ni chako, bibi." Nikaandika: "Mgeni wangu akija, nitakihitaji." Akafikiri sana, halafu akaandika: "Sawa."

Njoo na bwana Pyo. Mhuri sina, lakini sasa najua kuandika jina langu, na nasikia sheria inakubali saini.

Sijakusamehe. Nakwambia ili usije ukafikiri nimekuita kwa hilo. Nakuita kwa sababu wewe ndiye ulikuwepo. Utasema mbele ya hakimu, nami nitakuwa nimekaa pale.

Mama yako


Daegu, 30 Novemba 2017

Myeong-ok,

Mwanasheria wangu anasema nisikuandikie. Lakini tumeshamaliza, mambo yameshagongwa mhuri wa mahakama, kwa hiyo naandika.

Umeshapata nakala ya makubaliano. Nimekubali usuluhishi kabla hakimu hajatoa hukumu. Nyumba, kiwanja, ghala na shamba la chini vinarudi kwa jina la mama. Shamba la juu limeshakodishwa kwa mkataba mrefu, halirudi hivi karibuni, na hata likirudi halina miti. Umeshinda, na ulichoshinda ni vioo vya sola vinavyong'aa mlimani. Hongera.

Sikukubali kwa sababu ya hoja za bwana Pyo. Yeye ningeweza kubishana naye mwaka mzima. Nilikubali wakati unatoa ushahidi. Karani alikuwa anaandika maneno yako, yanatokea kwenye kile kioo kikubwa ili mama asome. Wewe ulikuwa unamtazama hakimu. Mimi nilikuwa namtazama mama. Alikuwa anasoma huku midomo inacheza, neno kwa neno, kama mtoto. Ulipofika "nikaweka trei mezani," alifumba macho. Hakunitazama mimi hata mara moja. Alikutazama wewe.

Nataka nikwambie kitu na usimwonyeshe mwanasheria wako. Karatasi ile niliandikiwa na karani wa ofisi ya ardhi. Niliipeleka nyumbani niisome kama ilivyo. Nikakaa mbele ya mama, nikafungua mdomo, nikaona alivyovaa, amejipaka poda, amekaa wima kama bibi harusi. Nikashindwa kumsomea "bila sharti lolote." Nikaanza kusema yale niliyodhani anataka kuyasikia. Na nilipokuwa nayasema, niliyaamini. Nakuapia. Nilisema milo mitatu nikaona ninavyomwandalia. Kama ningekuwa nadanganya tu ningesema machache.

Baadaye madeni ya duka la Daegu yalinifuata mpaka kijijini, Seon-ae akaacha kuongea, na kila siku mama alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja chakula alichoagiza. Ndipo nilipomhamishia ghalani. Ilikuwa rahisi kutomwona.

Tumehama. Funguo ziko kwa mwenyekiti. Kufuli la jikoni nimelitoa mwenyewe.

Gi-cheol


Neutgol, 26 Februari 2018

Myeong-ok,

Blanketi limefika, na dagaa wamefika. Usitume tena dagaa wengi hivyo, mimi si paka wa kijiji kizima.

Unaniuliza tena kama nitahamia Ulsan. Hapana. Nimerudi kwenye nyumba yangu, nalala chumba changu, nimefanya tambiko la baba yenu peke yangu na nilikaa mahali pangu. Kazi ya kusujudu ilinishinda kwa magoti, nikainamisha kichwa tu. Atanielewa.

Lakini sitakudanganya kwamba nina raha. Asubuhi nikifungua mlango vioo vya mlimani vinanipiga machoni. Watu wa kijiji wananiamkia kwa heshima kubwa kuliko zamani, na wanapita haraka. Mama aliyempeleka mwanawe mahakamani, ndivyo wanavyosema, nasoma midomoni mwao. Siku ya Mwaka Mpya niliweka mabakuli matatu ya supu ya keki za mchele, nikala moja. Gi-cheol hakuja. Sijui kama ningemfungulia. Nilikaa karibu na mlango siku nzima, kwa hiyo labda ningemfungulia.

Wewe uliniuliza kwenye barua ya mwisho kama nimekusamehe. Umeuliza kwa kuzunguka sana, lakini nimeona. Bado. Njoo mwezi ujao unisaidie kupogoa shamba la chini, tutaona.

Sasa nikwambie jambo la juzi, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Alikuja bibi mmoja kutoka kijiji cha ng'ambo ya mto. Simfahamu vizuri, tulikuwa tunakutana sokoni zamani. Alitembea kwenye theluji mpaka kwangu. Akatoa karatasi iliyokunjwa kifuani, akaniwekea mapajani. Akafungua mdomo wake wazi, polepole, nimsome: "Nasikia unajua kusoma. Nisomee. Mwanangu alinisomea mwaka juzi, lakini nataka kusikia tena. Ni maneno mazuri."

Nikavaa miwani. Nikafungua.

Myeong-ok, yalikuwa maneno yale yale. Jina ni la mwingine, kijiji ni kingine, lakini "bila sharti lolote" ilikuwa pale pale, mstari wa pili.

Nikainua macho. Alikuwa amekaa ameweka mikono magotini, ananitazama mdomo, anatabasamu tayari. Na nakuungamia kwamba maneno mengine yalinijia. Yalikuja yenyewe, mazuri, yamepangika: mwanao atakaa nawe, hutakosa moto wakati wa baridi. Ningeweza kuyasema. Angerudi nyumbani kwenye theluji akiwa na furaha, na mimi ningekuwa nimemtendea wema. Nilielewa mtu anavyofika hapo. Sikutaka kuelewa, lakini nilielewa.

Nikamsomea kama ilivyoandikwa. Polepole, kila neno, nikifuata kwa kidole.

Halafu akasema, "Umeruka mahali." Nikamwambia, "Sijaruka." Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akanitaka mara ya tatu, nikasoma mara ya tatu, na tabasamu lake lilikuwa bado pale usoni, limesahaulika.

Nimemlaza kwangu, hakutaka kurudi kwake jana wala leo. Sasa hivi yuko jikoni anakosha mchele, na kila nikiinua kichwa naona ananichungulia.

Niandikie jina la bwana Pyo na anwani yake. Andika kwa herufi kubwa, huyu bibi awe anaziona vizuri. Nimeanza kumfundisha.

Mama yako,
Eom Bun-nam